Mwamba Ngoma: Upendeleo wa Lugha katika Habari za Maandamano, kutoka Hola hadi Kangeta

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumiwa aghalabu kumsuta mtu anayegawa mali au kuamua shauri huku akijipendelea. Makala haya yanaihamishia methali hiyo katika chumba cha habari. Mwandishi wa habari naye ni mwamba ngoma: ana ngozi moja, yaani tukio moja, na ana uwezo wa kuivuta upande mmoja au mwingine kabla msomaji hajasikia mlio wake. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: katika habari za maandamano zinazoandikwa kwa Kiswahili, ngozi hiyo huvutwa kwa kamba zipi?

Mjadala huu unawekwa Kangeta kwa sababu maalumu. Kangeta ni mji mdogo ulio Igembe ya Kati, Kaunti ya Meru, kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Maua. Wakazi wengi wa eneo hilo hutegemea kilimo cha miraa, na jina la mji wenyewe limekuwa jina la aina mojawapo ya miraa sokoni. Kwa watu wa mji kama huu, gazeti na redio vina kazi mbili. Kwanza, huwaletea habari za maandamano ya kwingineko, hasa Nairobi. Pili, wao wenyewe wanapokuwa na malalamiko, vyombo hivyo ndivyo vinavyoamua iwapo taifa litawaona kama wakulima wenye hoja au kama watu waliofunga barabara. Mtu wa Kangeta ni msomaji wa habari na pia ni habari. Ni kutoka nafasi hiyo ya pande mbili ambapo upendeleo huonekana vizuri zaidi.

Maana ya upendeleo

Ni vyema kubainisha tangu mwanzo kwamba upendeleo si lazima uwe uongo. Habari inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado ikapendelea. Hutokea hivyo kwa njia kuu tatu: kuchagua tukio lipi liandikwe na lipi liachwe, kuchagua ni nani aulizwe, na kuchagua maneno na miundo ya sentensi. Njia ya kwanza na ya pili zimezungumziwa sana na wataalamu wa uanahabari. Njia ya tatu ni uwanja wa mwanaisimu, na ndiyo itakayopewa uzito zaidi katika makala haya.

Kuhusu njia ya kwanza, upo utafiti wa siku nyingi ambao bado unafaa kurejelewa. Tarehe 27 Oktoba 1968, maelfu ya watu waliandamana jijini London kupinga vita vya Vietnam. Halloran, Elliott na Murdock walifuatilia jinsi vyombo vya habari vilivyoliandaa na kulitangaza tukio hilo, na wakachapisha matokeo yao mwaka 1970. Walibaini kwamba majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, magazeti yalikuwa yamekwisha kutabiri vurugu. Siku ilipofika, sehemu kubwa kabisa ya maandamano ilikuwa ya amani, lakini kamera na kalamu zilielekezwa kwenye kikundi kidogo kilichokabiliana na polisi. Matarajio yalikuwa yameitangulia habari, na habari ikatafutwa ili iyatimize matarajio. Tangu hapo watafiti wengi wameonyesha mtindo huohuo katika nchi nyingine: hoja za waandamanaji hupungua, moshi na mawe huongezeka.

Funzo la Hola

Wakazi wa Meru na Embu hawakuanza kuonja upendeleo wa habari jana. Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, maeneo haya mawili yalikuwa miongoni mwa yale yaliyohusishwa na vita vya Mau Mau, na watu wake wengi walitiwa kizuizini. Katika lugha ya serikali ya kikoloni na magazeti yaliyoiunga mkono, wapiganaji waliitwa magaidi na magenge, na madai yao ya ardhi na uhuru yakaelezwa kama ugonjwa wa akili uliohitaji tiba. Mtu akishaitwa mgonjwa, hakuna haja ya kumuuliza anataka nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kambi ya Hola, karibu na mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa walipigwa na walinzi hadi 11 kati yao wakafa. Taarifa rasmi iliyotolewa baada ya tukio hilo haikutaja virungu. Ilieleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Uchunguzi wa vifo hivyo ulipofanywa, ilidhihirika kwamba walikufa kutokana na kipigo, na jambo hilo likajadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza mwezi Julai mwaka huo.

Inafaa mwanafunzi wa lugha aiangalie taarifa hiyo kwa makini. Kifo kilitajwa. Maji yalitajwa. Kihusishi cha wakati, yaani “baada ya”, kikaviunganisha viwili hivyo, na msomaji akaachiwa kazi ya kukigeuza “baada ya” kuwa “kwa sababu ya”. Hapakuwa na kitenzi chenye mtenda. Miaka 54 baadaye, tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba ingewalipa fidia ya pauni milioni 19.9 Wakenya 5,228 walioteswa katika kipindi kile, na ikaeleza masikitiko yake. Mtenda aliyekuwa ameondolewa katika sentensi ya mwaka 1959 alirudishwa, lakini wengi waliostahili kuisoma sentensi mpya walikuwa wamekwisha kufa.

Sarufi ya kumficha mtenda

Mwanaisimu Tony Trew alionyesha mwaka 1979 kwamba ufichaji wa namna hii una hatua zake. Alichunguza habari za tukio la Juni 1975 mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, ambapo polisi wa utawala wa walowezi waliwapiga risasi Waafrika. Gazeti moja la London liliwaweka polisi mwanzoni mwa sentensi kama watenda. Jingine liliwatanguliza Waafrika waliouawa, likawaita wafanya ghasia, na kuwasogeza polisi nyuma kwa kutumia kauli ya kutendwa. Kufikia siku iliyofuata, tahariri ilizungumzia ghasia na vifo vya kusikitisha, na polisi hawakuwamo tena.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa viambishi tamati vya kauli, na kwa sababu hiyo kina njia nyingi zaidi za kufanya jambo hilohilo. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa madhumuni ya mjadala huu tu. Hazikunukuliwa kutoka gazeti lolote:

(1) Polisi waliwaua kwa risasi waandamanaji wanne.
(2) Waandamanaji wanne waliuawa kwa risasi na polisi.
(3) Waandamanaji wanne waliuawa kwa risasi.
(4) Watu wanne walifariki katika makabiliano.
(5) Ghasia zilisababisha vifo vya watu wanne.

Katika sentensi ya (1), mtenda ni kiima. Katika ya (2), kiambishi cha kutendwa -w- kimempandisha mtendwa na kumshusha mtenda, ingawa bado yupo. Katika ya (3), mtenda ameondolewa, na sarufi inaruhusu, kwa kuwa kauli ya kutendwa haimlazimishi msemaji kumtaja aliyetenda. Katika ya (4), kitenzi chenyewe kimebadilika: “kufariki” ni neno la heshima linalomfaa mtu aliyekufa kitandani, na halina nafasi ya muuaji hata kwa kudokezwa. Katika ya (5), mtenda mpya amezaliwa, naye ni ghasia. Aliyefyatua risasi hayupo, na kwa kuwa ghasia zinahusishwa na waandamanaji, lawama imewarudia waliokufa. Katika hatua zote tano idadi ya waliokufa haikubadilika. Mhariri akiulizwa, atasema kwa haki kwamba hakudanganya.

Kauli nyingine ni ya kutendana. Vitenzi kama “kupambana”, “kukabiliana” na “kuzozana” hubeba kiambishi -an-, ambacho huwafanya washiriki wote kuwa watenda na watendwa kwa wakati mmoja. Fahali wawili wapiganapo, nyasi huumia. Methali hiyo inafaa kwa sababu fahali ni wawili na wanatoshana. Lakini kijana mwenye chupa ya maji na afisa mwenye bunduki wakisemwa kwamba “walipambana”, sarufi imewapa usawa ambao barabara haikuwapa. Ipo hali ambapo mapambano yalikuwa ya kweli, na hapo kiambishi hiki kina haki yake. Tatizo ni pale kinapotumiwa kwa mazoea, kabla ya mwandishi kuuliza nani alimtenda nani.

Kauli ya kutendeka nayo ina mchango wake. “Mali iliharibika” ni tofauti na “mali iliharibiwa”, na yote mawili ni tofauti na “waandamanaji waliharibu mali”. Njia rahisi ya kupima upendeleo wa gazeti ni kulinganisha jinsi lilivyotumia kauli katika habari ileile. Iwapo mali zina mtenda na maiti hazina, au maiti zina mtenda na mali zilizochomwa hazina, basi ngozi imevutwa.

Upatanisho wa kisarufi na ubinadamu

Zaidi ya kauli, ngeli pia husema. Nomino za watu huchukua upatanisho wa A-WA: kijana aliandamana, vijana waliandamana. Mwandishi akichagua nomino ya mkusanyiko, upatanisho hubadilika: kundi lilivamia, genge liliteketeza, umati ulitawanywa. Watu wamehamishwa kutoka ngeli ya viumbe wenye uhai hadi ngeli za vitu, na umati sasa hutawanywa kama moshi. Kisarufi hakuna kosa lolote. Lakini ikiwa katika habari hiyohiyo “afisa mmoja alijeruhiwa mkononi”, afisa amebaki katika A-WA, akiwa na mkono na maumivu, ilhali aliye upande wa pili wa barabara amekuwa sehemu ya kitu. Ni vigumu kumhurumia mtu ambaye sarufi imekwisha kumnyima upatanisho wa watu.

Vitenzi vya kunukuu navyo havina usawa. Msemaji wa polisi aghalabu “alieleza”, “alifafanua” au “alithibitisha”. Mwandamanaji “alidai”, “alilalamika” au “alijitetea”. Kitenzi “kudai”, hasa katika Kiswahili cha habari, kimebeba shaka: aliyedai huenda anasema uongo. Aliyethibitisha, kwa upande wake, ametangazwa kuwa mkweli kabla hajachunguzwa. Mwandishi angeweza kutumia “alisema” kwa wote wawili na kumwachia msomaji hukumu.

Zao, dawa au sumu: jina la mmea na sauti ya mkulima

Upendeleo huanza hata kabla ya sentensi, katika uteuzi wa nomino. Hapa ndipo watu wa Kangeta wana ushahidi wao. Mmea mmoja una majina mengi: miraa, mairungi, mirungi, veve, gomba, na nduguye wa Mbeere, Kaunti ya Embu, huitwa muguka. Nchini Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria. Nchini Tanzania mirungi imo katika orodha ya dawa za kulevya. Anayeilima Kenya ni mkulima, na anayeisafirisha ni mfanyabiashara. Akivuka mpaka na furushi lilelile, anaitwa mlanguzi. Kilichobadilika ni sheria, na kwa hakika sheria ni jambo zito. Hata hivyo, mwandishi anayeazima nomino za upande mmoja huazima pia hukumu yake.

Uholanzi ilitangaza mwaka 2012 kwamba ingepiga marufuku miraa. Nchini Uingereza, baraza la wataalamu linaloishauri serikali kuhusu dawa lilitoa ripoti Januari 2013 na kushauri kwamba mmea huo usipigwe marufuku, kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alitangaza marufuku hata hivyo mwezi Julai mwaka huo, nayo ikaanza kutekelezwa tarehe 24 Juni 2014. Soko kubwa la Ulaya likafungwa. Wakulima na wafanyabiashara wa Igembe na Tigania walipinga hatua hiyo, na hoja yao ya msingi ilikuwa ileile iliyotolewa na wataalamu wa London. Lakini msomaji anayepewa habari ikiwa na nomino “dawa ya kulevya” katika aya ya kwanza hafikii hoja hiyo akiwa na moyo mweupe. Kwake, mkulima wa Kangeta anayepaza sauti ni mtetezi wa ulevi.

Jambo hili lilijirudia karibu na nyumbani mnamo Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake, na kaunti nyingine za Pwani, zikiwemo Kilifi na Taita Taveta, zikachukua hatua kama hiyo. Viongozi na wakulima wa Embu walipinga vikali, mahakama mjini Embu ikasitisha maagizo hayo kwa muda, na Rais William Ruto akasema hayakuwa na nguvu za kisheria kwa sababu yalikwenda kinyume na sheria ya kitaifa ya mazao. Katika majuma hayo, muguka uliitwa sumu na janga upande mmoja, na zao na riziki upande mwingine.

Haki inadai isemwe kwamba upendeleo huu ulikuwa na pande mbili. Mzazi wa Pwani aliyeshuhudia mwanawe akiacha shule alistahili kusikilizwa katika redio za Embu na Meru, kama vile mkulima wa Mbeere aliyesomesha watoto kwa muguka alivyostahili kusikilizwa Mombasa. Kila upande ulikuwa na mwamba ngoma wake. Yamkini msikilizaji aliyefungua kituo kimoja tu alimaliza mwezi mzima bila kujua kwamba upande wa pili ulikuwa na hoja.

Juni 2024 na hesabu ya waliokufa

Maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 yaliuweka wazi mjadala huu kwa Wakenya wote. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha mswada huo kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda mfupi baadaye waandamanaji, wengi wao vijana walioitwa Gen-Z, waliingia katika majengo ya Bunge na sehemu yake ikawashwa moto, huku polisi wakifyatua risasi za moto. Maandamano yalifanyika pia katika miji ya Meru na Embu, na mjini Embu ofisi ya chama tawala iliteketezwa. Usiku huo Rais aliyaita matukio hayo ya uhaini na kusema kwamba wahalifu walikuwa wameyateka maandamano. Kesho yake, tarehe 26, alikataa kutia sahihi mswada uleule.

Mambo hayo mawili, hotuba ya usiku na uamuzi wa kesho yake, yanamfundisha mwanafunzi jambo. Katika hotuba ya kwanza, habari ilikuwa ya wahalifu. Katika ya pili, habari ilikuwa ya wananchi waliosema na kusikilizwa. Watu walikuwa walewale. Vyombo vya habari vilivyotumia nomino za msemaji mkuu bila kuzipima vililazimika kubadili msamiati wao ndani ya saa 24.

Mfano mwingine ni wa takwimu. Katika mahojiano ya televisheni ya tarehe 30 Juni 2024, Rais alitaja watu 19 kuwa ndio waliokufa. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa taarifa iliyotaja vifo 39. Gazeti lililoandika idadi moja pekee, bila kueleza imetoka kwa nani na ilihesabiwaje, lilikuwa limechagua upande hata kama halikukusudia. Nyuma ya tofauti ya watu 20 zimo familia 20 ambazo jamaa yao ama amehesabiwa ama hakuhesabiwa.

Ipo pia kazi iliyofanywa kumrudisha mtenda katika sentensi. Mnamo Aprili 2025, kitengo cha uchunguzi cha BBC Africa Eye kilitoa filamu iitwayo Blood Parliament, ambapo picha na video zaidi ya 5,000 zilipitiwa ili kuwatambua maafisa waliofyatua risasi nje ya Bunge. Kisarufi, filamu hiyo ilifanya jambo dogo: iliibadilisha sentensi ya (3) kuwa sentensi ya (1). Kijamii, jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo. Lilizua mjadala bungeni na mitaani kuhusu nani anawajibika.

Kwa nini upendeleo hutokea

Si sahihi kudhani kwamba kila upendeleo ni njama. Sababu nyingi ni za kikazi. Kwanza, mwandishi wa mashinani ana muda mfupi na nafasi finyu, na chanzo kilicho karibu ni kituo cha polisi, ambacho kina msemaji, cheo na taarifa iliyokwisha kuandikwa. Waandamanaji hawana msemaji mmoja, na pengine hawataki kutajwa majina. Pili, habari hupimwa kwa mvuto. Wakulima wakikutana chini ya mti Kangeta na kuandika waraka kwa serikali, hakuna picha. Wakifunga barabara ya Maua kwa saa mbili, picha ipo, na habari itakuwa ya wasafiri waliokwama. Kwa njia hii vyombo vya habari huwafundisha watu, bila kusema, kwamba waraka hausomwi na tairi linalowaka husomwa.

Tatu, yapo mashinikizo ya mamlaka na ya wenye matangazo. Tarehe 30 Januari 2018, vituo kadhaa vya televisheni vilizimwa kwa sababu ya kutangaza kuapishwa kwa Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliviagiza vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa, kabla ya Mahakama Kuu kulisitisha agizo hilo siku hiyohiyo. Haya yalitokea ilhali Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika Ibara ya 34, na katika Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Mhariri anayejua kwamba mtambo unaweza kuzimwa huchagua maneno yake kwa tahadhari, na tahadhari hiyo aghalabu huonekana katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda.

Nne, na hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, habari nyingi hufika katika dawati la Kiswahili zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri huzipokea pamoja na mwelekeo wake. Lakini mfasiri si mfereji wa maji. Neno moja la Kiingereza linaweza kufasiriwa kuwa maandamano, mgomo, ghasia, fujo, vurugu, rabsha au machafuko, na kila moja lina uzito wake. Mfasiri anayeandika “ghasia” pale ambapo watu walitembea wakiimba ameongeza upendeleo ambao pengine haukuwamo katika matini chanzi. Anayeandika “maandamano ya amani” pale ambapo maduka yaliporwa amefanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Wajibu wa mwanafunzi na mwalimu wa Kiswahili

Wengi wanaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huishia kuwa walimu, wafasiri, watangazaji na wahariri. Ni wao watakaoketi katika dawati hilo. Kwa hivyo somo la kauli za vitenzi, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, lina matumizi nje ya darasa. Mwalimu wa shule ya upili huko Kangeta anaweza kuwapa wanafunzi wake habari mbili za tukio moja na kuwataka wapigie mstari viima vyote. Zoezi hilo halihitaji vitabu vya ziada, na litawafunza kwa pamoja sarufi na uraia.

Kwa ujumla, maswali matano yanaweza kumwongoza mhariri na msomaji. Je, nani alitenda, na ametajwa? Je, kauli iliyotumika kwa watu waliokufa ndiyo iliyotumika kwa mali iliyoharibiwa? Je, vitenzi vya kunukuu vimegawanywa kwa usawa? Je, idadi iliyotolewa imetajwa chanzo chake? Na je, msomaji akimaliza kusoma, anajua waandamanaji walitaka nini? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Habari nyingi za maandamano humwambia msomaji ni barabara zipi zilifungwa na mabomu mangapi ya machozi yalirushwa, lakini zikamwacha bila kujua kifungu cha sheria au bei ya zao iliyowatoa watu nyumbani.

Ikumbukwe kwamba maswali haya hayalengi kumpendelea mwandamanaji. Aliyepora duka la jirani yake naye ni mtenda, na anastahili kuwa kiima cha sentensi yake. Mwenye duka lililoteketezwa hataridhika akisoma kwamba “mali iliharibika”, kama vile mama wa kijana aliyeuawa hataridhika akisoma kwamba mwanawe “alifariki katika ghasia”. Wote wawili wanadai kitu kimoja kutoka kwa lugha, nacho ni jina la aliyetenda.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba upendeleo katika habari za maandamano haukai katika uongo wa wazi tu, bali hukaa pia katika mambo madogo ya lugha: nomino inayoteuliwa, kiambishi cha kauli, upatanisho wa ngeli na kitenzi cha kunukuu. Taarifa ya Hola ya mwaka 1959 ilitumia kihusishi kimoja kuwaficha walinzi nyuma ya gari la maji. Habari za miraa na muguka zimeonyesha jinsi jina la mmea linavyoweza kuamua iwapo mkulima atasikilizwa. Matukio ya Juni 2024 yameonyesha kwamba nomino na takwimu za mwenye mamlaka zinaweza kubadilika ndani ya siku moja, na kwamba anayezinakili bila kuziuliza hubadilika nazo.

Ngozi ya ngoma haina budi kuvutwa ndipo ilie, na hakuna habari isiyoandikwa na mtu aliyesimama mahali fulani. Linalowezekana ni mwamba ngoma kuivuta kwa usawa pande zote, na msomaji kujua kamba ziko wapi. Mtu wa Kangeta anayefungua redio jioni, awe anasikiliza habari za Nairobi au za barabara ya kwao, anastahili sentensi yenye kiima.